Uyoga Umeota Kwenye Mti: Uuache, Uupogoe au Uuangushe?

Uyoga ukichomoza kwenye mti, wenye mti hugawanyika. Wapo wanaochukua panga, wakaubandua, wakarudi ndani wakijua kazi imekwisha. Wapo wanaomwita mkata miti siku hiyohiyo. Wote wana haraka. Kinachoonekana nje ni tunda tu la kuvu. Mwili wake wenyewe ni nyuzi nyembamba zilizotapakaa ndani ya shina au mizizi, na mara nyingi zimekuwa humo miaka kadhaa kabla ya tunda la kwanza kujitokeza. Kuubandua uyoga hakuitoi kuvu, kama vile kuchuma maembe kusivyoung'oa mwembe. Na wakati huohuo, kuna miti mingi yenye kuvu kiinini ambayo itaendelea kutoa majani na kivuli kwa miongo.

Basi kazi ni kutofautisha. Hapa chini nimeziweka kuvu mbilimbili, zile zinazochanganywa kirahisi, na mara nyingi mmoja wa jozi anavumilika na mwenzake haaminiki. Nitangulize msimamo wangu: mahali ulipoota uyoga pananiambia mengi kuliko jina lake, na ukubwa wake hauniambii karibu chochote. Uyoga mpana wa sentimita 40 kwenye tawi lililokufa ni jambo dogo. Gamba jeusi lisilozidi kiganja, likiwa limejificha kati ya mizizi miwili mikubwa, linaweza kuwa sababu ya kuuangusha mti ambao juu umejaa majani mabichi kabisa.

Udongoni: rafiki wa mizizi au muuaji wa mizizi

Uyoga unaoota ardhini chini ya mti huwatisha watu bure mara nyingi. Kuna kuvu zinazoishi kwa ubia na mizizi: zinauletea mti maji na madini kama fosforasi, nao mti unazilipa kwa sukari. Misonobari ina Suillus, ule wa kofia yenye utelezi na vitundu vidogo chini yake. Mikaratusi ina Pisolithus, mbonge wa kahawia unaopasuka na kutoa vumbi. Amanita muscaria, wenye kofia nyekundu na madoa meupe, una sumu kwa mlaji lakini ni mshirika mwema wa misonobari. Ukizikuta hizi, usifanye kitu. Kuzinyunyizia dawa ni kumdhuru mbia wa mti wako.

Si kila mti una ubia wa namna hiyo, ingawa. Mwembe na mparachichi vina kuvu wabia vilevile, ila ni za aina isiyotoa uyoga kabisa. Zinabaki ndani ya mizizi na udongoni kandokando yake. Kwa hiyo uyoga ulioota chini ya mwembe ni wa kundi jingine. Mara nyingi unakula samadi, majani yaliyooza au kipande cha kisiki kilichofukiwa zamani. Kama kikonyo ni kirefu mno na kinazama hadi kwenye kiota cha mchwa, huo ni Termitomyces, uyoga unaolimwa na mchwa wenyewe, na wala haujaugusa mti.

Wa kuogopwa ni Armillaria, uyoga wa rangi ya asali. Huota kwa mafungu mazito, vikonyo vingi vikitoka sehemu moja, kwenye kitako cha mti au juu ya mizizi iliyo karibu na uso wa ardhi. Kofia zikipandana, za chini hufunikwa vumbi jeupe kutoka kwa za juu. Hizo ni spora zake, chembe zinazofanya kazi ya mbegu. Lakini usitegemee uyoga peke yake, maana hudumu kwa muda mfupi kisha hunyauka na kuwa uchafu mweusi. Ushahidi wenyewe uko chini ya gome. Chagua mahali pa kitako ambapo gome limelegea, libandue kwa kisu: kama kuna utando mweupe, mnene kidogo, ulioshikamana na mbao na unaonuka uyoga kwa nguvu, umempata. Katika maeneo mengi utaona pia kamba nyeusi zinazotambaa chini ya gome au ndani ya udongo. Kwa kamba hizo, na kwa mizizi kugusana, kuvu huhama kutoka mti hadi mti. Katika msitu wa Malheur, jimbo la Oregon nchini Marekani, kuvu mmoja wa jamii hii ametambaa chini ya ardhi eneo la takriban hekta 965, na umri wake unakadiriwa kuzidi miaka 2,000.

Kuzitofautisha kwa vitendo ni rahisi kuliko inavyosikika. Chimbua taratibu kwa mkono, ukifuata kikonyo. Kikiishia kwenye udongo uliojaa nyuzi laini, tulia. Kikiishia kwenye kipande cha mbao kilichooza, kisichoungana na mzizi ulio hai, tulia pia. Kikiwa kimeshikamana na mzizi wa mti wako au kitako chake, fanya jaribio la gome.

Ikiwa ni Armillaria, hakuna dawa ya kuaminika ya kuiua ndani ya mti mkubwa. Inaua lile tabaka hai lililo chini ya gome, na ikishalizunguka shina lote, mti umekwisha. Hapo naamua bila kusitasita: mti utoke, kisiki kitoke, mizizi mikubwa itoke kadiri inavyowezekana, na kama kuna miti mingine jirani, utiwe ukuta wa plastiki nzito udongoni, wa kina cha nusu mita hivi, kuzikatia kamba njia. Kuukata mti na kuacha kisiki ni kumwachia kuvu ghala la chakula.

Neno moja kwa wanaopenda kuula uyoga huu. Kuna uyoga mdogo wa kahawia, Galerina marginata, unaoota kwenye mbao zilizooza na kufanana nao vya kutosha kumdanganya mtu. Spora zake ni za rangi ya kutu, si nyeupe, na ndani yake mna amatoksini, sumu ileile inayoharibu ini iliyomo kwenye Amanita phalloides, uyoga wa sumu ya kuua. Makala ya kutambua ugonjwa wa miti si mwongozo wa jikoni.

Kitakoni: rafu ngumu ya Ganoderma na gamba jeusi la Kretzschmaria

Hapa ndipo pa kutulia, kwa sababu kitako kinabeba mti mzima, na kuvu mbili zinazopaozesha hazifanani hata kidogo kwa tabia.

Ganoderma haikosi kuonekana. Ni rafu ngumu kama ubao, imeota moja kwa moja kutoka kwenye shina bila kikonyo au kwa kikonyo kifupi. Zipo zenye mgongo wa kahawia usiong'aa, kama Ganoderma applanatum, na zipo zinazong'aa mithili ya zilizopakwa vanishi nyekundu. Tumbo la Ganoderma applanatum ni jeupe wakati wa kukua, na ukilikwaruza kwa ukucha, mstari hugeuka kahawia papo hapo na kubaki. Wachoraji hulitumia kama karatasi. Dalili nyingine ni vumbi la rangi ya kakao lililotua juu ya rafu yenyewe, kwenye gome na hata kwenye majani ya mimea ya jirani. Watu hulidhania udongo uliorushwa na mvua. Ni spora, na rafu moja humwaga mabilioni.

Ndani ya shina, Ganoderma huleta uozo mweupe: mbao inakuwa laini, yenye unyevu, nyepesi kama sifongo, lakini bado ina unyumbufu. Unyumbufu huo unaupa mti wa kawaida muda. Mti ukihisi kitako kinalegea, huongeza mbao mpya upande wa nje, na ndiyo maana utaona kitako kimevimba au kimetanuka kama chupa. Uvimbe ni onyo, ila ni ushahidi pia kwamba mti unapigana. Miti mikubwa yenye Ganoderma huweza kusimama miaka mingi, mradi mizizi yake ipimwe na uzito wa juu upunguzwe.

Kretzschmaria deusta ni kinyume chake karibu kwa kila jambo. Ikiwa changa ni utando wa kijivu wenye ukingo mweupe, umelala bapa kwenye gome, na wengi huupita bila kuuona. Ukikomaa unageuka gamba jeusi lenye mabonde na vilima, linalovunjika kwa kidole na kuacha weusi mkononi. Mtu akiliona husema hapo paliwahi kuwashwa moto. Kaa uangalie vizuri: moto hupanda, huacha gome limepasuka na weusi uliofifia kuelekea juu. Gamba hili lina mipaka, limejaa kwenye mikunjo kati ya mizizi, na chini yake kuna mistari myeusi myembamba ndani ya mbao.

Ubaya wake ni huu. Inakula selulosi, yaani nyuzi za mbao, na kuiacha sehemu kubwa ya lignini, gundi inayozishika nyuzi hizo, kwa hiyo mbao inabaki ngumu lakini inakuwa dhaifu ya kuvunjika ghafla, kama kauri. Mti haupati ile ishara ya kulegea, hauvimbi, haujengi mbao ya ziada. Majani yako vilevile. Ukigonga kwa nyundo, mlio unaweza kukudanganya, maana mbao ngumu hujibu kama mbao nzima. Kisha siku moja ya upepo wa kawaida, mti unakatika kitakoni na mvunjiko wake uko bapa.

Kama umepata vyote viwili kwenye miti miwili tofauti na una uwezo wa kumleta mtaalamu mara moja tu, mpeleke kwenye gamba jeusi. Rafu kubwa ya Ganoderma inaweza kusubiri wiki chache. Gamba jeusi kwenye kitako cha mti ulio juu ya nyumba, njia au mahali pa kuchezea watoto, lisisubiri.

Usilichanganye gamba hilo na Daldinia, vibonge vyeusi vya mviringo vinavyofanana na makaa. Hivyo huota juu ya matawi na magogo yaliyokwisha kufa, na ukikipasua kimoja utaona pete za kijivu na nyeusi zilizopangika kuzunguka kitovu. Huyo ni msafishaji tu.

Ganoderma ileile, mti tofauti

Yote niliyosema kuhusu subira ya Ganoderma yanakoma ukifika kwenye jamii ya minazi, mitende na michikichi. Miti hii haina lile tabaka hai linalozungusha mbao mpya mwaka hadi mwaka. Shina ililozaliwa nalo ndilo hilo hilo. Haiwezi kuvimba kujiimarisha wala kuziba jeraha. Ganoderma zonatum na Ganoderma boninense, ya pili ikiwa adui mkuu wa mashamba ya michikichi Kusini-Mashariki mwa Asia, huozesha sehemu ya chini ya shina kutoka katikati, upana ukiwa mkubwa kitakoni na kupungua kadiri unavyopanda, kwa kawaida hadi mita 1.2 au 1.5 kutoka ardhini.

Matokeo yake ni uamuzi usio na mjadala. Rafu ikionekana kwenye mnazi, sehemu kubwa ya kitako imeshaliwa na hakuna tiba. Angusha. Toa kisiki na mizizi iliyo karibu, na mahali hapo usipande tena mti wa jamii hiyo, kwa sababu kuvu inabaki udongoni kwenye masalia. Panda mti wa kawaida. Kinachotia moyo ni kwamba uozo uko chini: sehemu za juu za shina lililoangushwa kwa kawaida hazina kuvu hii. Za chini zisisagwe kuwa matandazo ya kuweka chini ya minazi mingine.

Tope kwenye shina, au soksi ya kahawia?

Katika nchi za joto kuna kuvu moja inayofanana na uchafu. Phellinus noxius, ambayo wataalamu sasa wanaiita pia Pyrrhoderma noxium, haina haja ya kutoa rafu ili kujitambulisha. Inavaa kitako cha mti kwa ganda la kahawia hadi jeusi, lililochanganyika na udongo na changarawe, likipanda kutoka ardhini kama soksi. Ukingo wa juu, pale inapoendelea kukua, ni wa rangi ya maziwa na una unyevu.

Mchwa nao hupakaza tope kwenye shina, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia. Kwangua kidogo. Tope la mchwa hubomoka, na ndani kuna njia tupu au mchwa wenyewe. Gome chini yake mara nyingi ni zima. Ganda la kuvu haliachii kirahisi, limeshikana na gome, na gome lenyewe likitoka linaacha mbao yenye mistari ya kahawia ikipitapita kama wavu. Kuvu hii hushambulia zaidi ya aina 200 za mimea ya miti na huhama kwa mizizi kugusana, kwa hiyo utaona miti iliyopangwa mstari ikifa mmoja baada ya mwingine. Mti ulio na soksi kamili hauokoki. Swali linalobaki ni namna ya kuwakinga majirani: mtaro kati ya mizizi, na visiki vyote viondoke.

Uozo mweupe na uozo wa kahawia

Ukishindwa kabisa kutambua uyoga, tazama mbao. Chukua kipande kidogo kutoka pale palipofunguka. Mbao imejengwa kwa selulosi, nyuzi zinazovumilia kuvutwa, na lignini, gundi inayozishika nyuzi hizo zisijikunje.

Kuvu za uozo mweupe hula lignini, wakati mwingine na selulosi kwa pamoja. Kipande kitakuwa cheupe au cha manjano hafifu, chenye maji, na ukikivuta kinachanika nyuzinyuzi. Mti wa namna hii hupinda, hulia, hupasuka polepole. Unakupa dalili. Kuvu za uozo wa kahawia hula selulosi na kuacha lignini. Kipande ni cha rangi ya hudhurungi, kimepasukapasuka mraba mraba, na ukikisugua kwa vidole kinakuwa unga mkavu. Uozo huu una hila mbaya mwanzoni: mbao inaweza kupoteza zaidi ya nusu ya uwezo wake wa kuhimili kishindo kabla uzito wake haujapungua hata kwa asilimia 10. Kwa macho ni mbao nzuri; kwa upepo ni biskuti.

Mfano maarufu wa kahawia ni Laetiporus, marafu laini ya manjano na chungwa yanayopangana shinani, mazuri ajabu kuyatazama. Yakizeeka yanapauka na kuwa kama chokaa. Yanakula kiini, sehemu ambayo tayari haina uhai, kwa hiyo mti unaendelea kustawi huku ukiwa bomba. Upande wa nyeupe weka Pleurotus, uyoga wa chaza, wenye vibamba (zile kuta nyembamba chini ya kofia) vinavyoteremka hadi kwenye kikonyo kifupi cha pembeni. Kwa urembo Laetiporus inashinda. Kwa tahadhari pia naipa nafasi ya juu zaidi, hasa ikiwa imeota kwenye njia panda ya matawi makubwa.

Lakini kanuni hii ina pengo. Fistulina hepatica, uyoga mwekundu kama kipande cha ini unaopenda mialoni, nao ni wa uozo wa kahawia, ila unakwenda polepole mno. Kwa miaka mingi mbao inabadilika rangi tu na kubaki imara, na maseremala huilipia bei ya juu kwa rangi hiyo. Kukata mwaloni kwa sababu ya Fistulina peke yake ni kosa.

Kwenye matawi: kundi la wasafishaji

Hapa sitakaa sana. Schizophyllum commune ni vipande vidogo vyenye umbo la upepeo, vya rangi ya kijivu-cheupe, vyenye manyoya mgongoni, na tumboni vibamba vilivyopasuka katikati kwa urefu. Wakati wa ukavu hujikunja, mvua ikinyesha hufunguka tena. Trametes versicolor ni bapa, yenye mistari ya rangi mbalimbali na vitundu vidogo sana chini. Stereum hufanana nayo lakini tumbo lake ni laini lisilo na vitundu. Auricularia ni sikio la kahawia, teketeke likilowa. Pycnoporus ni nyekundu ya machungwa na hupenda matawi makavu yanayopigwa na jua.

Zote zinasema jambo moja: mbao ya hapo imekufa. Zikiwa kwenye tawi, pogoa tawi hilo, ukate nje kidogo ya ule uvimbe ambapo tawi linaungana na shina. Usiache kigutu kirefu, usikate ukalisawazisha shina. Zikiwa kwenye shina, uliza shina lilikufaje upande huo. Mara nyingi jibu ni jua. Mti uliopogolewa kupita kiasi huachwa na gome lililokuwa kivulini, likaungua, na mwaka mmoja au miwili baadaye Schizophyllum inajipanga mstari mrefu kwenye upande ule ule. Mstari ukiwa mwembamba, mti utaufunika. Ukizidi theluthi ya mzunguko wa shina, anza kufikiria mti mwingine.

Likeni, zile bandiko za kijani-kijivu, manjano au nyeupe kwenye gome, hazimo kwenye ugonjwa hata kidogo. Ni kuvu na mwani wanaoishi pamoja, wanakaa juu ya gome na hawachukui kitu ndani yake. Huonekana zaidi kwenye mti unaodhoofika kwa sababu majani yakipungua mwanga unaingia. Weusi unaofunika majani kama masizi nao hauozeshi mti. Unaota juu ya utomvu mtamu unaotolewa na vidukari na wadudu-gamba, kwa hiyo shughulika na wadudu.

Kupima kabla ya kuamua

Nyundo ya mbao ni kipimo cha kwanza. Gonga shina kuzunguka, kila mahali kwa nguvu ileile. Mbao nzima hujibu kwa mlio mfupi mkali, uwazi hujibu kwa mlio mzito wa ngoma. Mtaalamu ana vyombo zaidi: vipima mwendo wa sauti vinavyochora picha ya ndani ya shina, na sindano ndefu ya kutoboa inayoandika ukinzani wa mbao.

Uwazi peke yake si hukumu. Claus Mattheck, mtafiti wa Ujerumani wa uimara wa miti, aliipa fani hii kigezo kinachotumika hadi leo: ukuta wa mbao nzima ukipungua chini ya takriban asilimia 30 ya nusukipenyo cha shina, hatari ya kuvunjika inapanda haraka. Shina la kipenyo cha sentimita 60 lina nusukipenyo cha 30, kwa hiyo linahitaji ukuta wa sentimita 9 hivi. Kigezo hiki ni cha shina lililozunguka lote. Kama kuna shimo lililo wazi upande mmoja, au uozo uko kwenye mizizi, usikitegemee.

Tiba: zinazosaidia na zinazopoteza fedha

Kupaka lami au rangi kwenye jeraha hakuzuii kuvu. Kujaza shimo kwa saruji ni kubaya zaidi, maana saruji haipindi mti unapopinda, hivyo husugua na kuvunja ukuta ambao mti wenyewe umejenga. Alex Shigo, mtafiti wa misitu nchini Marekani, alipasua maelfu ya miti kwa msumeno na mwaka 1977 akaeleza kwa utaratibu kile alichokiona: mti hauponyi jeraha, unalizungushia kuta na kuendelea kukua nje yake. Ukichimba uozo mpaka kwenye mbao safi ukidhani unausafisha, umezivunja kuta hizo na kumfungulia kuvu mlango. Dawa za kuvu za kumwagia au kudunga hazifiki kwa uhakika kwenye mbao iliyokufa, ambako uozo uko.

Kinachosaidia ni kupunguza mzigo: kufupisha matawi marefu kidogo kidogo, kuondoa makavu, kuacha udongo wa mizizi bila kukanyagwa na magari, kumwagilia wakati wa ukame. Na kuhamisha kilicho chini. Mti uliooza katikati ya kichaka ni nyumba ya ndege na popo, uache uanguke kwa wakati wake. Mti uleule ukiwa juu ya kitanda cha mtu ni habari nyingine. Wakati mwingine ni nafuu kuhamisha benchi kuliko kuukata mti.

Ukiamua kumpelekea mtaalamu picha, piga ya mti mzima kutoka mbali, ya uyoga ukiwa na kitu cha kuonyesha ukubwa kando yake, ya tumbo la uyoga, na ya pale unapoungana na mti. Kisha kata kofia moja, iweke usiku kucha kwenye karatasi, nusu juu ya nyeupe na nusu juu ya nyeusi, uifunike kwa bakuli. Asubuhi spora zitakuwa zimeacha rangi yake. Piga picha ya rangi hiyo kabla upepo haujaipeperusha.